Kuzamisha meli chakavu ziwe miamba ya samaki: hivi hesabu yake inalipa kweli?

Kasia_Refu:

Wakuu habari za saa hizi. Kuna jambo linanisumbua na nimeshindwa kulipatia jibu la kueleweka. Naona Marekani, Australia, Canada na wengine wanachukua meli ya kivita iliyozeeka, wanaitoboa matundu, wanaitega baruti wanaizamisha kwa makusudi kabisa, alafu wanasema huo ndio mwamba bandia, samaki watakaa humo na watalii watakuja kupiga mbizi.

Sasa mi najiuliza, chuma si mali jamani? Meli ya maelfu ya tani ukiikata ukaipeleka kwenye tanuru hiyo ni pesa, iweje mtu aitupe baharini na watu wapige makofi. Alafu kuna hii SS United States, ile meli ya abiria ndefu kama mita 300, kaunti ya Okaloosa huko Florida wameinunua 2024 kwa dola milioni 1 tu ila bajeti nzima ya mradi inafika kama milioni 10. Hizo nyingine zote zinaenda wapi wakati kuzama ni kufungua maji yaingie? Naomba mwenye kuelewa uchumi wake anifafanulie taratibu.

FundiSkrepa:

Mkuu swali lako ni la msingi na wengi wanaliruka. Mi niko kwenye biashara ya vyuma kwahiyo nitakuelezea upande huo.

Umeanza na kitu ambacho kwa meli za kivita sio kweli, kwamba meli kuukuu ina thamani. Meli ya mizigo ya biashara ndio, hiyo mwenye mali anaiuza kwa uzito wa chuma chake inaenda kukatwa Alang India au Chattogram Bangladesh na anaondoka na hela nzuri tu, ndio maana huoni mtu anazamisha meli kubwa ya kontena ili samaki wapate pa kukaa. Manowari ni habari nyingine kabisa. Zile zilizojengwa miaka ya 40 mpaka 70 zimejaa asbesto, rangi za risasi, na kemikali za sumu za PCB ambazo ziko ndani ya maganda ya nyaya, kwenye gaskiti, kwenye mpira, yaani kila kona, na sheria ya Marekani inazuia kupeleka nje vitu vyenye PCB, kwahiyo lazima ikatwe humo humo ndani kwa gharama za humo humo.

Matokeo yake angalia: USS Forrestal, meli ya kubeba ndege yenye urefu wa zaidi ya mita 300, jeshi la maji la Marekani lilimpa mkataji mwaka 2013 kwa senti 1. Senti moja mkuu, sio dola. USS Constellation ndio kabisa, jeshi lilitoa kama milioni 3 za dola kumlipa mkataji aichukue. Kwahiyo hiyo meli kwenye vitabu sio mali, ni deni linaloelea. Kila mwaka ikikaa gatini inataka walinzi, pampu, minyororo, ukaguzi isije ikazama yenyewe mahali pabaya. Mwenye deni la namna hiyo anatafuta njia ya kulifunga kwa bei nafuu kuliko zote, na kuzamisha ni mojawapo.

Sasa hiyo hela unayouliza inaenda wapi, jibu ni kusafisha. Chukua USNS Vandenberg, meli ya zamani ya jeshi iliyozamishwa Key West huko Florida mwezi Mei 2009. Mradi mzima ulikula kama dola milioni 8.6 na kuzama kwenyewe kulichukua chini ya dakika 2. Kabla ya hizo dakika 2 walitoa zaidi ya kilomita 200 za nyaya, matani ya asbesto, zebaki, mafuta, milango ikang'olewa, matundu yakakatwa ili mpiga mbizi asinase ndani. Hela ziliisha katikati, yadi iliyokua inasafisha haikulipwa, mahakama ikaiweka meli mnadani mwaka 2008 na benki ya huko huko visiwani ndio ikainunua kuuokoa mradi. Ongeza hapo tagi za kuivuta maili mamia kwa mamia, bima, wahandisi, wataalamu wa baruti. Kufungua maji yaingie ni sehemu ndogo sana.

Mama Pezi:

Asante FundiSkrepa umeeleza vizuri, ila umezungumzia gharama tu na mimi naomba niongeze mapato maana nimefanya kazi kwenye boti za kupeleka wapiga mbizi na hii kitu naijua kwa macho.

Kaka Kasia, hela ya mwamba bandia wa meli haitoki kwa samaki, inatoka kwa mtu anayekuja na familia yake analala hotelini siku nne, anakodi mtungi wa hewa, anakula, anamlipa kapteni, ananunua fulana yenye picha ya meli. Ndio maana wanachagua meli yenye jina na historia. Wapiga mbizi hawasafiri nchi nzima kuangalia zege lakini USS Oriskany, meli ya kubeba ndege iliyopigana Korea na Vietnam, ikazamishwa mbele ya Pensacola tarehe 17 Mei 2006, hiyo wanaifuata kutoka mbali sana. SS United States nayo ndio hivyo hivyo, kaunti inanunua jina pamoja na chuma.

Na kuna faida nyingine haisemwi sana na kwangu ndio kubwa kuliko zote. Baada ya meli ya zamani ya jeshi, Spiegel Grove, kuzamishwa Key Largo huko Florida mwaka 2002 watafiti walihesabu boti na watu kabla na baada, wakakuta watu waliokua wanajazana kwenye matumbawe ya asili pale jirani wamepungua ingawa wapiga mbizi kwa jumla wameongezeka. Matumbawe ya asili yanakua sentimita chache tu kwa mwaka, mengine hata sentimita haifiki, mtu mmoja akiyapiga teke kwa bahati mbaya ameharibu kazi ya miaka mingi. Chuma ukikipiga teke hakuna kinachokufa. Ukiweza kuhamisha hata sehemu ya ule umati ukaupeleka kwenye meli umewapa matumbawe nafasi ya kupumua, na hiyo ina thamani hata kama haiandikwi kwenye risiti.

Nahodha_Mstaafu:

Vijana mnaongea vizuri. Binti Mama Pezi yuko sahihi kuhusu hoteli, lakini mimi mzee nina wasiwasi na hesabu za namna hiyo na nitasema wazi.

Kwanza samaki. Ukizamisha meli mahali penye mchanga mtupu, baada ya miezi michache unakuta chewa na changu wamejaa. Je wamezaliwa kwa sababu ya meli au wamehama tu kutoka miamba ya jirani? Wanasayansi wamebishana juu ya hili kwa miongo na jibu linabadilika kulingana na aina ya samaki na mahali. Kama wamehama tu, basi umewakusanya sehemu moja inayojulikana kwenye ramani ya kila mvuvi, na kuwamaliza inakua rahisi zaidi. Kwahiyo mwamba bandia unaoruhusu uvuvi bila mipaka unaweza kupunguza samaki kwenye bahari nzima huku picha za pale zinaonyesha samaki tele. Hii mtu wa hoteli hawezi kuiona, anaiona mvuvi miaka kumi baadaye.

Pili, msisahau Osborne Reef huko Fort Lauderdale. Miaka ya 70 waliporomosha matairi kama milioni 2 baharini kwa maneno haya haya, kwamba ni bei rahisi na samaki watafurahi. Kamba na vifungo vikaoza, matairi yakaanza kutembea chini ya bahari na kuyagonga matumbawe hai, na wapiga mbizi, wakiwemo wa jeshi, wamekua wakiyatoa moja moja miaka na miaka. Waliookoa gharama za kutupa matairi miaka ya 70 sio hao waliolipa kuyatoa. Hata yale mabehewa ya treni za chini ya ardhi ya New York, zaidi ya 2,500 yalizamishwa kuanzia 2001, yale ya mwanzo ya chuma cha kawaida yakakaa vizuri lakini ya chuma cha pua yaliyopelekwa New Jersey yakaanza kuporomoka ndani ya miezi tu.

Na sumu haitoki yote. Oriskany ilizamishwa ikiwa na mamia ya kilo za PCB zimebaki kwenye nyaya, ilibidi wapate kibali maalumu cha mamlaka ya mazingira. Kule Australia meli ya kivita HMAS Adelaide ilipangwa kuzamishwa Machi 2010, wananchi wakaenda kwenye baraza la rufaa, ikaamriwa kazi zaidi ya kusafisha ifanyike, ikazama Aprili 2011. Waliochelewesha walilaumiwa sana ila mimi nawaheshimu.

Kasia_Refu:

Shikamoo mzee Nahodha, na asanteni wote, nimeanza kuona picha. Kwahiyo kumbe kuna mifuko mitatu tofauti hapa, jeshi linatua mzigo, hoteli na boti zinapata wateja, alafu kaunti au serikali ndio inalipia kusafisha na kubaki na lawama. Sasa je hakuna mahali wameweka utaratibu wa yule anayeokoa hela kuchangia?

FundiSkrepa:

Marahaba kwa niaba ya mzee hahaha.

Upo mkuu, ila kwenye majukwaa ya kuchimbia mafuta baharini sio meli. Ghuba ya Mexico wana mpango wa kugeuza majukwaa ya zamani kuwa miamba, umeanza miaka ya 80 baada ya sheria ya 1984, na zaidi ya majukwaa 500 yameshaingia. Kampuni ikiacha jukwaa baharini badala ya kulivuta mpaka nchi kavu inaokoa hela nyingi, na kwa kawaida nusu ya alichookoa anaipeleka kwenye mfuko wa jimbo, mfuko huo unalipia ukaguzi na maboya na utafiti wa samaki. Mi naona huo ndio mfano wa kuigwa, kwa meli pia. Jeshi likikabidhi manowari likabidhi na fungu la miaka ya mbele, kwa sababu chuma baharini kinaliwa na kutu, meli inalainika, kuta zinaanguka, na kuna watu wanaingia humo. HMS Scylla, manowari ya Uingereza iliyozamishwa pale Cornwall 2004, wapiga mbizi wameshafia ndani. Nani analipia kuifunga milango meli ikifika miaka 30 chini? Mikataba mingi inaongelea siku ya baruti na tamasha, baada ya hapo kimya.

Mama Pezi:

Hilo la mfuko naliunga mkono kwa mikono miwili, na wenye boti tuchangie pia, kila mteja anayeshuka alipe kiasi kidogo kinachoenda moja kwa moja kwenye ukaguzi. Wanaolipa hela yote ile kuja hawatashindwa na hiyo. Na nakubaliana na mzee kuhusu uvuvi, pale pazamishwe meli na hapo hapo pafungwe kuvua, angalau mita mia kadhaa kuzunguka, maana mpiga mbizi anamlipia chewa yule yule kila wiki ila mvuvi anamuuza mara moja.

Nahodha_Mstaafu:

Mkifanya hayo mawili, mfuko na kufunga uvuvi, mimi nitaacha kupinga. Ila hesabu ifanywe kabla meli haijaondoka gatini, na iandikwe ndani yake gharama ya kuikata kawaida ili watu walinganishe. Nimeona miradi inalinganisha kuzamisha na kutofanya kitu, na hapo kuzamisha lazima kushinde.