The Wheel of Time: kitabu cha mwisho kimemtupa Siuan bila hata matanga

Wakuu, kama hamjafika kitabu cha 14 cha The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za njozi, tokeni kwenye uzi huu sasa hivi. Natoboa kila kitu na sina hali ya kumfichia mtu.

Nimemaliza A Memory of Light, ndicho hicho cha mwisho, juzi saa nane kasoro usiku, umeme umekatika, nasoma kwa tochi ya simu. Nilipokifunga nikabaki nimekaa kitandani nimekishika. Mke wangu akashtuka: "Kuna nini baba, nani kafariki?" Nikamwambia Siuan. Hamjui, ila kanipa pole yake. Hiyo pole moja imezidi yote aliyopewa Siuan ndani ya kurasa zaidi ya 900.

Mimi mtoto wa mvuvi, nimekulia Deep Sea hapahapa Tanga. Ndiyo maana kati ya watu wote wa hadithi hii nilimshika yule. Binti wa mvuvi wa mji wa Tear, katoka kwenye mashua mpaka kiti cha Amyrlin, yaani mkuu wa wanawake wenye nguvu za uchawi, wafalme wanamwogopa, na bado akifungua mdomo ni nyavu na samaki. Akiudhika analaani kwa matumbo ya samaki! Wamempindua kitabu cha nne, wakamnyang'anya uwezo wake wote wa uchawi, akaanza upya akiwa si lolote. Tuko naye tangu kitabu cha pili. Halafu anaingia kumwokoa Mat, mmoja wa mashujaa wakuu, na anakufa kwa mistari michache, kama mtu aliyepita njia. Bryne, yule jenerali mpenzi wake, naye hana tofauti, unasikia tu kwamba hayupo.

Nilipokuwa darasa la tano jirani yetu alitoka na ngalawa, hakurudi. Wenzake walimtafuta siku mbili, wakarudi na kasia lake tu. Mwili haukuonekana mpaka leo. Lakini majamvi yalitandikwa pale uani, hitima ikasomwa, kina mama wakapika, sisi watoto tukapitisha masinia. Lile kasia liliegemezwa ukutani siku zote tatu, hakuna aliyeligusa mpaka tulipoanua matanga. Hivyo ndivyo mtu anavyoagwa, hata kama hakuna cha kuzika.

Na msiniambie nafasi haikutosha. Sura ya 37 peke yake inakaribia kurasa 200! Majeshi yanasogezwa kulia, kushoto, milango ya kichawi inafunguliwa na kufungwa, amri juu ya amri. Nusu ukurasa tu, watu wawili wakae chini wamtaje jina. Hata Egwene, aliyekuja kukalia kiti kilekile cha Amyrlin, ambaye kifo chake kimeandikwa kwa fahari kubwa na nililia kwa sauti, sikuona watu wa kijijini kwao wamekusanyika kumlilia.

Sasa kinachoniwasha zaidi. Maziko ya maana kitabuni ni ya nani? Ya Rand, shujaa mkuu wa hadithi, ambaye hajafa! Kabadilishana mwili na adui yake Moridin, mwili wake wa zamani unachomwa, na anayetia moto zile kuni ni Tam, mzee aliyemlea tangu kichanga. Wanawake wake watatu wanajua kwamba yu hai. Baba hajui. Kijana anapanda farasi anaondoka zake. Mimi nimemzika mzee wangu, najua mikono inavyokuwa siku ile. Mtoto anayemwachia baba yake mzigo huo huku yeye anapumua, siwezi kumsamehe, awe ameokoa dunia mara ngapi.

Najua mtakuja na hoja ya mwandishi. Robert Jordan, aliyeanzisha hadithi hii, alifariki Septemba 2007 kazi haijaisha. Mkewe Harriet McDougal, ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamkabidhi mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, na kile kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu: 2009, 2010, 2013. Namheshimu Sanderson kwa hilo, kabisa. Bila yeye tungebaki tunaning'inia. Lan, yule bingwa wa upanga, alipomkabili Demandred, jemadari wa adui, niliruka kutoka kitandani. Na pale mwishoni kabisa, Rand anatazama kiko chake tu na kinawaka, hana nguvu zake za uchawi tena na hakuna anayejua kimewakaje, nilisoma mara tatu nikatabasamu. Mwisho huo Jordan aliuacha ameuandika mwenyewe, na unajulikana, una utulivu wa mtu asiye na haraka.

Ndiyo maana nina hasira. Kingekuwa kitabu kibovu ningekitupa nikalala.

Jana nimekitoa tena kitabu cha pili, pale Siuan anapofika ngome ya Fal Dara na wenzake. Ndipo nilipo sasa, sisogei. Mwenye kujua ukurasa wowote baada ya kifo chake ambapo mtu anamlilia, hata kwa sentensi tatu, aniwekee namba yake hapa chini. Labda nimeruka mahali kwa ile tochi.