MJADALA: Fedha za umma zisomeshe nadharia ya kiini cha atomu, au fizikia ya tiba kwanza?

Mwalimu wa Mlimani: Wanaopinga husema hesabu za modeli ya matabaka (jinsi protoni na nyutroni zinavyojipanga kwa ngazi ndani ya kiini) zinataka kompyuta za mabilioni. Si kweli. Chukua magnesiamu-24: oksijeni-16 unaiacha imefungwa katikati, zinabaki protoni 4 na nyutroni 4 kwenye tabaka linalofuata, liitwalo sd. Matriksi yake ina safu 28,503. Kompyuta mpakato inatosha, na KSHELL na BIGSTICK, programu za hesabu hizi, hazilipiwi. Chembe 8 tu, lakini zinazunguka kwa pamoja: hali ya msisimko ya 2+ (spini 2) iko MeV 1.37 (MeV ni kipimo cha nishati), ya 4+ MeV 4.12. Uwiano 3.0. Mzunguko kamili ungetoa 3.33, mtetemo 2.

Fizikia Tiba: Shikamoo Mwalimu. Gharama ni watu, si kompyuta. Mashine ya mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani, lazima ipimwe kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza, na kwenye kipimo cha kila mwezi dosi isipishane na ya msingi kwa zaidi ya 2%. Mhitimu akizama kwenye matriksi, kazi hiyo nani ataifanya?

Changanyikeni: Mwalimu, magnesiamu ni rahisi, tusiwadanganye vijana. Kromiamu-48 kwenye tabaka zima la pf, lililo juu ya sd, ina safu 1,963,461. Nikeli-56 inapita bilioni 1: vekta moja ya Lanczos (njia ya kutafuta nishati za chini hatua kwa hatua) inakula GB 8.7, na unahitaji makumi. Umeme ukikatika hujahifadhi vekta, unaanza upya. Ndipo watu hukata tabaka, wanabaki na f7/2, ngazi moja tu ya pf, na mzunguko wa kromiamu unafifia. Bila p3/2, ngazi nyingine ya pf, kiini hakirefuki ipasavyo.

Mwalimu wa Mlimani: Marahaba. Changanyikeni yuko sahihi, na kuna kosa baya zaidi: kumpa protoni chaji 1 na nyutroni 0, wakati kiini cha ndani ulichokifunga nacho huvutwa. Kwa sd tunatumia 1.36 na 0.45. Ukisahau, nguvu ya mpito wa E2 (kiini kinapotoa mionzi ya gama kushuka ngazi) kwenye magnesiamu-24 inaporomoka chini ya theluthi, ilhali nishati zinabaki safi kabisa, kwa hiyo hushtuki. Anayepima dosi anahitaji jicho hilohilo. Naomba wiki mbili tu za hesabu hizi kwa kila mwanafunzi wa fizikia, wa tiba wakiwemo.

Fizikia Tiba: Wiki mbili nakubali, mradi zisikatwe kwenye muda wa mafunzo ya hospitali.