Regex ya JavaScript: flagi ya s, [\s\S] au kukata mistari: nichague ipi?

Fundi_Njoro: Wakuu, habarini. Nina mfumo wa chama cha wakulima wa kahawa hapa Moshi, nakabidhi Ijumaa. Nataka kunasa kwa regex (mchoro wa kutafuta maandishi) ya JavaScript maneno yaliyo kati ya MAONI na MWISHO. Yakiwa mstari mmoja, /MAONI(.*)MWISHO/ inanasa vizuri. Yakiwa mistari miwili, napata null, yaani haijanasa kitu. Nichukue s, [\s\S], au nikate mstari kwa mstari kwanza?

Kijenge_Juu: Mkuu, hujasema maandishi yanatoka wapi. Faili au fomu? Na kodi inaendeshwa kwenye seva au kwenye simu za watu?

Mama_Kodi: Nukta haishiki alama za mwisho wa mstari: \n, \r, \u2028 wala \u2029. Weka s mwishoni mwa regex, inafanya nukta ishike na hizo; ipo tangu ES2018 (toleo la JavaScript la 2018). Tumia .*? (inaishia kwenye MWISHO ya kwanza) badala ya .*, la sivyo maoni ya wakulima wawili yatanaswa kama moja.

Mzee_wa_Sakina: Mimi ni [\s\S] daima, inashika herufi yoyote bila flagi. Brauza ya zamani isiyoijua s inakataa faili zima la kodi, si mstari ule tu.

Ila sikieni yaliyonikuta hapa Arusha. Nilipewa orodha ya wanachama kama 400, nikaikata kwa split('\n'). Kwenye skrini kila kitu safi. Nikalinganisha namba za uanachama na za daftari la malipo, hakuna hata moja iliyooana! Siku mbili sikulala, mhasibu ananipigia kila saa, wazee wanasubiri hela zao nje. Kumbe faili lilitoka Windows, kila mstari unaishia na \r\n, na namba ilikuwa mwisho wa mstari. Kila namba ilibeba \r isiyoonekana. Tangu siku ile ni split(/\r\n|\n|\r/), sijadili.

Kijana_Majengo: Mbona (.|\n)* inatosha?

Mama_Kodi: Hapana mdogo wangu, maandishi yakiwa marefu hiyo inalemea. Na Mzee, shikamoo, lakini hizo brauza za zamani nani anazo leo?

Mzee_wa_Sakina: Marahaba. Njoo huku vijijini uone simu za watu.

Fundi_Njoro: Samahani, ni faili, zinatoka kompyuta za ofisini. Nasoma kwa Node, yaani JavaScript inayoendeshwa nje ya brauza. Na flagi ya m je?

Kijenge_Juu: Hiyo inagusa ^ na $ tu, nukta haiihusu. Kama ni Node, hoja ya simu haipo. Tuma mistari mitano ya faili, futa majina kwanza.

Kijana_Majengo: Na kuonyesha mistari kwenye ukurasa? Mimi nabadilisha \n kuwa <br>, alama ya HTML ya kuvunja mstari.

Mama_Kodi: Acha, tumia white-space: pre-line kwenye CSS (kodi ya mwonekano wa ukurasa), mistari itaonekana ilivyo.

Mzee_wa_Sakina: Hapo sikubali...