Chuo kinadai muhuri wa shule, na shule yenyewe ni mimi!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Tuko Texas. Binti yetu tumemsomesha nyumbani sekondari yote, na huku si jambo la kujificha. Tangu Mahakama ya Juu ya Texas ilipoamua kesi ya Leeper mwaka 1994, shule ya nyumbani inahesabika kuwa shule binafsi. Jimbo halikusajili, halitoi cheti. Transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama, anaiandaa mzazi na anaisaini mzazi.

Sasa chuo cha umma alikoomba wamerudisha: leteni transkripti rasmi kutoka shuleni. Shuleni wapi? Nikapiga simu. Dada wa udahili ananiambia karatasi ya mama mtu haitambuliki, labda mtoto akafanye GED, ule mtihani wa wasio na cheti cha sekondari. Jamani! Sheria ya elimu ya Texas, kifungu 51.9241, inavitaka vyuo vya umma vimpime aliyesoma nyumbani kwa vigezo vilevile vya wengine, na inavikataza kumdai GED. Nikamsomea. Kimya, kisha "subiri kidogo", kisha simu ikakatika.

Nikaenda kugongewa muhuri wa notari, mthibitishaji wa nyaraka. Eti huo si wa shule.

Na sikuwapelekea karatasi ya kuungaunga. Masomo yamepangwa kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, krediti (kipimo cha somo lililokamilika) moja kwa saa 120 hivi za kazi, GPA, yaani wastani wa alama, ya mizani ya 4.0, na kila somo lina maelezo yake: vitabu, mitihani, majaribio ya maabara. Alama za SAT, mtihani wa kuombea chuo, zimetoka moja kwa moja kwa wenye mtihani, College Board, sikuzipika jikoni kwangu. Common App wenyewe, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo, wanamruhusu mzazi ajaze fomu ya mshauri wa shule. Hawa wanajiona nani?

Kilichonichefua kabisa ni krediti za Kiswahili. Wanataka "silabasi iliyoidhinishwa". Mtoto anasoma magazeti ya kwetu, anaandika insha, anabishana na bibi yake wa Tanga kwenye simu mpaka bibi anasalimu amri! Wa jirani kasoma Kihispania shuleni miaka miwili, kuomba maji hawezi, ila chake kimepita bila swali.

Mliopita njia hii Texas, mlimwandikia nani aliye juu ya hao wa udahili? Barua ya wakili ilisaidia? Dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Na wale wa "ungempeleka tu shule kama wenzake", uzi huu si wenu.