Faiba ikikatika, 4G ya akiba haishiki

Wakuu, nasimamia mtandao wa zahanati, kompyuta 9, ruta moja ya Mikrotik. Faiba ni njia ya kwanza, 4G ya pili. Jana faiba ilikatika huko barabarani, ruta ikaendelea kuing'ang'ania. Wagonjwa wa bima wamekaa kwenye benchi saa mbili. Imeniuma sana.

— Pole mkuu. Ruta yako inapigia pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) modemu ya ukutani, nayo ni nzima, hivyo inadhani faiba ipo! Iambie ipime 8.8.8.8, seva ya Google huko nje kwenye intaneti, kupitia faiba. Isipojibu, inahamia 4G yenyewe.

— Na 4G iwe ya kampuni nyingine. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini Mei 2024, laini zangu zote mbili zililegea pamoja.

— Nimefanya. Nimechomoa waya wa faiba makusudi: sekunde 20 hivi, 4G ikashika. Asanteni sana.