Bunduki ya mbao inachomwa moto, mitungi inapita usiku: kamati inamwogopa nani?

Wana jukwaa, leo nina hasira, mnistahamilie. Hapa kwetu Pemba, upande wa magharibi, kamati ya uvuvi imemnyang'anya kijana bunduki yake ya kupigia samaki chini ya maji na kuichoma pale pale dikoni, watu wanaangalia. Bunduki yenyewe kipande cha mbao, mpira wa tyubu na nondo iliyochongwa ncha. Sawa, sheria ya uvuvi ya Zanzibar inakataza bunduki, sibishani. Lakini usiku ule ule boti ya faiba imeondoka na mitungi ya hewa ya kuzamia, alfajiri ikarudi na matenga ya samaki, pono na chewa, dalali akanadi kama kawaida. Hakuna aliyeuliza kitu.

Na asije mtu hapa akanijibu "bunduki ni bunduki". Yule kijana anazama kwa pumzi yake. Dakika moja, ikizidi sana mbili, kifua kinawaka, anapanda. Chewa akishawahi pangoni kapona, kwa sababu anayemfukuza lazima arudi juu kuvuta hewa. Mwenye mtungi wa lita 12 ana haraka gani? Kwenye mita 20 anakaa nusu saa na ushei, kajilaza mbele ya pango na tochi yake, anangoja. Huo nao uvuvi?

Usiku ndiyo balaa lenyewe. Aliyewahi kuzama usiku anajua pono anavyolala: kajibana kwenye ufa wa tumbawe, wengine wamejizungushia ute mwembamba kama chandarua, hatikisiki hata ukimmulika usoni. Unamgusisha ncha tu, unafyatua. Kisha wa pembeni yake, kisha mwengine, mpaka mwamba mzima mtupu. Na pono ndiye anayekwangua mwani juu ya matumbawe; akiondoka yeye, mwani unafunika. Hao chewa wakubwa mnaopiga nao picha mkicheka, wengi ndio madume, maana chewa wengi huanza jike, wakikua ndipo hugeuka dume. Mkiwamaliza wakubwa, majike yatazaa na nani?

Ufaransa, Italia na Uhispania kupiga samaki ukiwa na mtungi ni marufuku, kwa pumzi wanaruhusu. Wenzetu wameona tofauti. Sisi tumekataza vyote, kisha tunamkamata mnyonge.

Najua mtasema wale nao wanatafuta riziki. Kweli, na wako waliopooza miguu kwa kupanda haraka kutoka chini, inauma. Lakini tajiri mwenye mitungi hazami. Yuko kwake anasubiri fungu.

Tena mitungi haijazwi kwa pampu ya baiskeli. Inataka kompresa, mashine ya kushindilia hewa, na kwa Pemba kompresa za namna hiyo zinahesabika. Kamati haina haja ya doria wala mafuta ya boti: iende kwa mwenye kompresa, imuulize anamjazia nani baada ya Isha. Au jibu wanalo siku nyingi?