Mjane, presha na ukaribu wa watu: tuanzie wapi?

Mhudumu_Ngamiani
Habarini wanajukwaa. Ni mhudumu wa afya ya jamii, Ngamiani, Tanga. Kati ya wazee wenye presha mtaani, wajane na wagane ndio wanaoruka miadi ya kliniki na kuacha dozi. Naomba wataalamu mnieleze: ukaribu wa watu unaugusaje mwili wenyewe? Na nyumbani tufanye nini hasa, zaidi ya kumwambia mtu "usikae peke yako"?

Dkt_Mwambao
Unaugusa sana. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 148 zenye watu 308,849. Waliokuwa na mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wenzao kwa asilimia 50 katika kipindi walichofuatiliwa. Haina maana kwamba umri wao unaongezeka nusu. Wengi husoma hivyo, wanakosea.

Mpweke mwili wake unakaa macho muda wote: homoni za msongo hazishuki, mishipa inabana, usingizi unakatika, presha inapanda. Halafu kuna la wazi kabisa: asiye na mtu, kiharusi kikimpata usiku, hugunduliwa asubuhi.

Ila tusihesabu vichwa tu. Huko Ohio, Marekani, wanandoa 42 walitiwa malengelenge madogo mkononi. Wale waliokuwa wakizozana kwa uhasama, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wenzao. Nyumba yenye watu kumi wanaonuniana si dawa.

Muuguzi_Pongwe
Nakuongezea upande wa kazi. Wakati wa matanga nyumba imejaa, hakuna shida. Shida inaanza baada ya arobaini, kila mtu akisharudi kwake. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1969 uliofuatilia wagane 4,486 wenye miaka 55 na zaidi uliona vifo katika miezi sita ya kwanza vilizidi matarajio kwa asilimia 40. Kwa hiyo ratiba yako ipe nguvu miezi hiyo.

Kila siku iwe na mtu wake kwa jina: Jumatatu binti wa jirani, Jumanne shoga yake wa kikoba, na kadhalika. Ukisema "tutakuwa tunapita", hapiti mtu. Dawa ifungamanishwe na chai ya asubuhi, na anayepita ahesabu vidonge vilivyobaki. Mjane akiwa edani, hiyo miezi minne na siku kumi, watu wamfuate yeye. Eda haimkatazi kutoka kwa matibabu. Familia ikisita, imuulize sheikh mapema, si siku ya miadi.

Kupima presha ndiko kunakoharibika zaidi, kwa sababu mgeni anapima huku wanapiga soga, na kuongea kunapandisha kipimo. Asinywe kahawa nusu saa kabla. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, mpishano wa dakika moja, andika zote. Wastani wa siku kadhaa ukifika 135/85, mrudishe kliniki. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, mdomo kupinda au upande kulegea, ni hospitali saa hiyo hiyo. Soga mpige baadaye, na mpige kweli, ndiyo iliyowaleta.

Sikio_na_Koo
Mzee akiacha ghafla kwenda barazani, msikimbilie kusema ana huzuni. Mchunguzeni masikio. Asiyesikia hujitenga, maana kuuliza "umesemaje?" kila mara kunamchosha. Wakati mwingine ni nta tu: matone mawili matatu ya mafuta ya zeituni yasiyopashwa moto, asubuhi na jioni, siku tatu hadi tano. Vijiti vya pamba marufuku, vinaisukuma ndani. Kama sikio linatoa usaha, linauma au ngoma iliwahi kutoboka, msitie chochote, aende kliniki.

Barazani akae mgongo ukutani, mbali na bodaboda, awaone midomo wanaozungumza.